Kompyuta Niliyoinyima Mbegu

Kwa wiki nane mfululizo, kompyuta ilimpangia mama yangu mdogo kiti kibaya kuliko vyote pale kazini.

Watu kumi na wawili, viti kumi na viwili, kila Jumatatu kura mpya, na kila Jumatatu ni yeye.

Na aliyeitengeneza hiyo kura ni mimi.

Kabla hamjanilaani, kaeni vizuri niwasimulie. Jambo hili nimelibeba kifuani muda mrefu, leo nalitua hapa. Mwenye kucheka na acheke.

Mimi ni fundi wa cherehani. Sio wa kushona, wa kuzitengeneza zikiharibika. Karakana yetu ni ukumbi mmoja mrefu wenye mashine kumi na mbili, tunashona sare za shule, na meza yangu iko karibu na mlango. Siku nzima bisibisi mkononi, mafuta mpaka kwenye viwiko.

Kazi hiyo alinitafutia Mama Mdogo. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la pili, mdogo wake akanichukua, akanilea kwa sindano na uzi. Mashati yangu ya shule alinishonea kwa vipande vilivyobaki kazini. Kuna mwaka nilivaa shati lenye mikono ya rangi mbili, na darasa zima halikunipa amani mpaka shati lenyewe likanibana.

Kwa hiyo nikisema mama, jueni namsema yeye.

Sasa basi. Ukumbi wetu una madirisha mawili tu, yote upande mmoja. Mashine namba moja iko chini ya dirisha kubwa. Mwanga wa bure, hewa, na ukichoka kushona unatazama wapita njia.

Namba kumi na mbili iko konani, chini ya ngazi. Taa yake inawaka inapotaka yenyewe. Nimeibadilisha mara tatu, tatizo liko kwenye nyaya ukutani. Mtu akipanda ngazi, vumbi linakuangukia kichwani. Kona hiyo ilikuwa inaitwa Jela.

Zamani viti tulivipigia kura kwa vikaratasi ndani ya kopo la biskuti. Kila Jumatatu vurugu. Huyu kakunja pembe ya karatasi yake, yule kapapasa kopo zima kama anatafuta shilingi iliyodondoka. Msimamizi wetu akachoka kusuluhisha watu wazima.

Msimamizi huyo tulimwita Bi Futi, maana futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake. Kuna aliyeapa kwamba alimwona nayo msibani.

Hapo ndipo mimi, na kiherehere changu, nikanyoosha mkono.

Wakati huo nilikuwa najifunza kutengeneza programu za kompyuta, kwa lugha inayoitwa C. Sikuwa na mwalimu. Nilikuwa na kitabu cha mtumba kilichokatika kurasa za mwisho. Mkumbuke hizo kurasa.

Nikamwambia Bi Futi kwamba ile kompyuta kuukuu ya ofisini inaweza kugawa viti yenyewe. Unaandika majina, unabonyeza, orodha inatoka. Haina ndugu wala rafiki.

"Haina hata shemeji?" akauliza.

"Hata shemeji haina."

"Basi ilete," akasema.

Ndani ya C kuna kitu kinaitwa rand. Ukikiita, kinakutupia namba ambayo hukuitegemea. Ukikiita tena, kinakutupia nyingine. Nikapanga hivi: jina la kwanza kuandikwa linapewa kiti kwa namba ya kwanza, jina la pili kwa namba ya pili, hivyo hivyo, mpaka wa mwisho anachukua kilichobaki.

Nikaijaribu. Niliifungua programu, nikabonyeza mara thelathini. Ikanipa orodha thelathini, hata mbili hazikufanana.

Nikajiona mwamba. Jioni ile nilitembea katikati ya barabara.

Lakini rudieni mlichosoma hapo juu. Niliifungua mara moja, nikabonyeza mara thelathini. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo, na sikujua.

Jumatatu ya kwanza Bi Futi akaketi mlangoni mwa ofisi yake. Kila anayeingia, anaandika jina lake. Wa kumi na mbili alipotimia, akabonyeza mara moja, akabandika orodha ukutani, akaizima kompyuta ili umeme usipotee bure. Ukawa ndio utaratibu.

Wa kwanza kuingia siku zote ni Mama Mdogo. Yeye ndiye mwenye ufunguo wa pili, na anapenda kufagia vipande vya uzi kabla watu hawajaja. Mapema ndio best, amenichosha na kauli hiyo tangu nikiwa mtoto.

Wa mwisho siku zote ni jamaa mmoja mshona suruali, tuliyempa jina la Mgeni Rasmi, kwa sababu hafiki mpaka watu wote wawe wameketi.

Matokeo ya Jumatatu ya kwanza: Mama Mdogo Jela, Mgeni Rasmi dirishani.

Jumatatu ya pili: Mama Mdogo Jela, Mgeni Rasmi dirishani.

Ya tatu hivyo hivyo. Wengine wote walikuwa wanabadilika, leo namba tatu, wiki ijayo namba tisa, hivyo hakuna aliyesema kura ina kasoro. Walisema ni nyota tu. Mgeni Rasmi akaanza kuwashauri watu kuhusu bahati, kana kwamba ameisomea.

Waliosema nyota njema huonekana asubuhi hawakumjua Mama Mdogo. Yeye na asubuhi walikuwa wanafungua mlango pamoja, na nyota haikuonekana.

Mwanzoni nilimtania. Nikamwambia jela ina wafungwa wa kila aina, avumilie kifungo. Akacheka.

Kufika wiki ya nne, utani ukaniishia mdomoni.

Mama Mdogo ndiye aliyekuwa anatoboa matundu ya vifungo. Kazi hiyo inataka jicho. Tundu likienda upande kidogo tu, shati zima linafungwa kombo. Na macho yake hayakuwa ya msichana. Kwenye mwanga mzuri hakosei. Kule chini ya ngazi, na ile taa ya kusitasita, alianza kurudishiwa nguo.

Karakana yetu ina sheria moja isiyo na huruma. Mshonaji akirudishiwa nguo ishirini kabla ya msimu kwisha, anaondolewa kwenye mashine na kupelekwa meza ya kufungasha. Huko unatia mashati kwenye mifuko ya nailoni. Mtu aliyeshika cherehani miaka ishirini na saba ukimpeleka huko, umemwambia kwaheri bila kufungua mdomo.

Wiki ya nne alikuwa na nguo tano. Wiki ya nane alikuwa na kumi na saba.

Nilikwenda kwake Jumapili moja nikamkuta anachambua mchele. Sinia ameliweka mbali kabisa na uso, mikono imenyooka. Iliniuma sana. Nikamwambia nitaongea na Bi Futi abadilishane na mtu.

"Kura ni kura, mwanangu," akasema. "Ukianza kuipinda kwa ajili yangu, kesho utaulizwa umeipinda kwa ajili ya nani mwingine."

Angekuwa mwingine ningebishana naye.

Jumatatu ya tisa likatokea la kutokea. Mama Mdogo akachelewa. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Aliingia wa saba, akamwambia Bi Futi kwamba bomba la nyumbani limepasuka, amekuwa akikausha sakafu.

Siku hiyo wa kwanza kufika alikuwa Dada wa Kola. Huyu ni mshonaji wa kola, mkono mwepesi, mdomo mwepesi zaidi.

Orodha ikatoka. Mama Mdogo namba nne, karibu na dirisha dogo. Dada wa Kola, Jela.

Jamani, ule ukumbi ulisikia mambo. Dada wa Kola alisema wazi kwamba wiki nane zile zilikuwa geresha, sasa fundi ameanza kumpandisha mama yake na kuwashusha wenzake. Akasema kikulacho ki nguoni mwako, na sisi kazi yetu ni nguo, kwa hiyo tujitazame.

Bi Futi alinitazama tu, na mtazamo wake ulikuwa unanipima kifua na kiuno.

Jumatatu ya kumi Mama Mdogo akarudi kuwa wa kwanza. Na akarudi Jela.

Hapo hata mimi, kichwa kigumu, nikashtuka. Dada wa Kola alipofika wa kwanza, Jela. Mama anapofika wa kwanza, Jela. Tena siku hiyo hiyo, kabla ya saa nne, zilikuwa zimerudishwa nguo mbili nyingine. Kumi na tisa. Imebaki moja.

Saa ya chakula Bi Futi alitoka, nikaomba kubaki ofisini. Nikaifungua programu. Badala ya majina nikaandika namba, moja mpaka kumi na mbili, nikabonyeza. Wa kwanza kapata kiti cha kumi na mbili. Wa mwisho kapata kiti cha kwanza.

Nikaifunga. Nikaifungua upya, nikaandika vilevile, nikabonyeza.

Orodha ileile. Kiti kwa kiti.

Mara ya tatu, ileile.

Nikachukua simu nikatafuta maelezo ya rand, yale ambayo kwenye kitabu changu yalikuwa kwenye kurasa zilizokatika. Yalikuwa mafupi tu. Yanasema rand harushi dadu. Anapiga hesabu. Anaanza na namba moja inayoitwa mbegu, na kila namba anayokupa imezaliwa na iliyotangulia. Mbegu ikiwa ileile, watoto ni walewale, kwa mpangilio uleule, milele.

Chini yake kuna sentensi iliyonimaliza: usipompa mbegu, anachukua namba 1, siku zote hiyo hiyo, kuwa ndiyo mbegu yake.

Mbegu anapewa kwa kitu kingine, kinaitwa srand. Mimi sikuwahi hata kukisikia.

Nilipojaribu mwanzo, nilibonyeza mara thelathini bila kufunga, kwa hiyo niliona watoto thelathini wa ukoo mmoja. Bi Futi yeye kila Jumatatu anafungua upya, anabonyeza mara moja, anazima. Kila Jumatatu alikuwa anazaliwa mtoto yuleyule wa kwanza.

Kwa maneno mengine, niliandika programu inayomfunga jela mtu anayewahi kazini, na kumpa dirisha anayechelewa. Wiki kumi. Na anayewahi kuliko wote ni mwanamke aliyenishonea shati la mikono ya rangi mbili.

Nisiwafiche, nilijaribiwa. Kurekebisha ilikuwa mstari mmoja tu. Ningeuongeza kimya kimya, Jumatatu ijayo mambo yanakwenda sawa, na hakuna ambaye angejua.

Lakini zile nguo kumi na tisa zingebaki zimeandikwa kwa jina lake, kana kwamba ni mikono yake iliyochoka. Na shati moja tu likirudi, basi. Ili zifutwe, lazima mtu aseme kwamba kosa halikuwa lake. Huyo mtu alikuwa mimi, pamoja na kazi yangu.

Watu walipomaliza kula, nikasimama katikati ya ukumbi nikasema yote. Niliwaonyesha orodha tatu zinazofanana.

Orodha zikapita mkono kwa mkono.

"Kwa hiyo miezi miwili na nusu," Dada wa Kola akasema taratibu, "kuwahi kazini hapa ilikuwa kosa la jinai."

Bi Futi akaivua futi shingoni, akaikunja, akaiweka mezani. Tukajua leo ni leo.

Nikamwona Mgeni Rasmi anainamia cherehani yake kupita kiasi. Bi Futi naye akamwona. Akamuuliza kama alikuwa na habari.

Kumbe. Jamaa tangu wiki ya tatu alikuwa anasimama ng'ambo ya barabara na kikombe cha chai, anahesabu vichwa vinavyoingia. Vikitimia kumi na moja, ndipo anavuka. Wiki moja kulikuwa na mtu mwingine aliyechelewa, wakasubiriana huko nje karibu nusu saa, mwenzake hajui anasubiriwa nini.

"Kompyuta mimi siijui," akasema. "Niliona tu wa mwisho anakaa dirishani. Nikawa wa mwisho."

"Na hukusema?"

"Mmeniita Mgeni Rasmi. Mgeni rasmi hasemi mpaka akaribishwe."

Ukumbi ukaangua kicheko, na hata Bi Futi alilazimika kugeuka ukutani. Mimi nilikuwa nimesomea, yeye alikuwa ametazama. Mwenye macho haambiwi tazama.

Kisha Bi Futi akafanya jambo ambalo sitalisahau. Alikwenda Jela, akaketi, akachukua uzi na sindano. Akajaribu kutunga. Mara ya kwanza akakosa, ya pili akakosa. Mara ya tatu mtu alikuwa anapanda ngazi, vumbi likamwangukia, taa ikazima.

Akainuka. Akalifungua daftari la nguo zilizorudishwa, akapiga mstari mmoja mrefu kwenye jina la Mama Mdogo, kumi na tisa zote. Halafu akaniambia nina wiki moja: niirekebishe kura, na pia nisimamie mtu wa umeme mpaka nyaya za kona zibadilishwe.

Nikauliza kuhusu kazi yangu. Akasema cherehani namba nane inakata uzi, nikaitazame. Nikaelewa.

Nikawaeleza dawa yake: kompyuta inataka mbegu, tena mpya kila Jumatatu. Wengi huichukua kwenye saa ya kompyuta, lakini ya kwetu saa yake ilikufa zamani. Kila ikiwashwa inaamini ni siku ileile ya mwaka uleule wa zamani. Nikasema nitafikiria njia nyingine.

Jumatatu iliyofuata Mama Mdogo akaingia na fundo kwenye kitambaa. Akalifungua juu ya meza ya Bi Futi.

Mbegu za maboga.

"Si umesema inataka mbegu," akasema. "Nimekausha wiki nzima. Unazitia wapi?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Dada wa Kola alikaa chini sakafuni. Nikafungua mdomo nimweleze kwamba ni jina tu, mbegu yenyewe ni namba.

Nikaufunga.

Nikamwomba kila mtu achote mbegu kiasi anachotaka, aweke mezani. Tukazihesabu pamoja kwa sauti. Mia mbili na thelathini na moja. Nikaiandika hiyo namba kuwa ndiyo mbegu, Bi Futi akabonyeza.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeilalamikia kura, kwa sababu kila mmoja ana mkono wake ndani. Hakuna anayeweza kujua jumla itakuwa ngapi, hata mimi.

Mama Mdogo alipata namba sita. Mgeni Rasmi alipata kumi na mbili, na tulimsindikiza konani kwa makofi.

Ningeweza kuishia hapo. Ila kuna la mwisho.

Jioni ile nilimsindikiza Mama nyumbani, nimembebea mfuko. Njiani nikamuuliza kama kweli hakuwahi kushuku chochote, yeye mtu wa kuona mshono uliopinda akiwa mlangoni.

"Niliona wiki ya sita," akasema.

"Uliona nini?"

"Kwamba wa kwanza ndiye anayekwenda konani. Lile bomba halikupasuka, mwanangu. Nilikaa tu nyumbani nimeshavaa, natazama saa. Nilitaka nijue nisipofika wa kwanza itakuwaje."

Nikasimama pale pale barabarani.

"Sasa mbona Jumatatu iliyofuata ukawahi tena? Ulikuwa na nguo kumi na saba, Mama."

"Kwa sababu nilisikia Dada wa Kola alivyokurarua mbele za watu." Akaurekebisha mtandio wake. "Kona ilikuwa inataka mtu. Akikaa mwingine, anakupigia kelele. Nikaona bora nikae mimi."

"Si ungeniambia tu."

"Ningekuambiaje? Ulikuwa unatembea kifua mbele. Tangu mama yako afariki sikuwahi kukuona unatembea hivyo."

Nililia, ndugu zangu. Fundi mzima, mbele za wapita njia, nimeshika mfuko wa mama. Yeye akaniambia nifute uso, watu watadhani amenipiga.

Nilichojifunza ni hiki. Ukiwatengenezea watu kitu, kijaribu namna watakavyokitumia wao, usikijaribu namna unavyojifurahisha wewe. Na anayekuambia kila siku kwamba yuko sawa, siku moja nenda ukakae kwenye kiti chake.

Siku hizi Jumatatu wa kwanza kufika ni mimi. Ufunguo wa pili ninao, na uzi nafagia mwenyewe.